Tumeandikiwa barua siku moja kwa kosa lilelile: mbona Inspekta wa Kazi amepokea faili langu na kulikataa la mwenzangu?

Mama Kasha, Katuba (Lubumbashi)

Ndugu na dada zangu, jambo. Naandika kwa niaba yangu na ya mwenzangu mmoja ambaye hapendi kuandika mwenyewe. Ninaomba mnivumilie urefu wa maelezo, maana nimeshaona kwamba katika mambo haya neno moja dogo likiachwa nje linageuza jibu zima.

Nimekuwa keshia kwa miaka 11 kamili katika kampuni moja ya hapa mjini ambayo hisa zake zote ni za Leta, yaani serikali. Jina lake naliacha. Katika uchaguzi wa mwisho wa sendika, yaani chama cha wafanyakazi, nilichaguliwa kuwa delege (mwakilishi wa wafanyakazi) msaidizi. Mwenzangu ni mwanachama wa kawaida wa sendika hiyohiyo. Yeye hakuajiriwa na kampuni, bali aliazimwa kwetu na wizara yake miaka sita iliyopita. Tuligawana chumba kimoja, meza zetu zikitazamana, na kwa muda wote huo sikuwahi kuona tofauti kati yetu, isipokuwa kwamba mshahara wake ulipitia benki nyingine, na sisi tulimlipa posho tu.

Wiki nane zilizopita sendika iliitisha mgomo wa siku mbili, Jumatatu na Jumanne, kwa ajili ya malimbikizo ya mishahara na posho za miezi minne. Tuliketi nje ya lango kwa utulivu, na Jumatano tukarudi kazini kama kawaida. Hakuna aliyeulizwa neno. Wiki tano baadaye, siku ya Alhamisi asubuhi, mlinzi wa lango alinizuia kuingia. Hakuwa na ukali wowote. Ni mtu ninayemfahamu, na watoto wetu wanasoma shule moja. Alinipa bahasha ya kaki, akafungua daftari lake na kuniomba nitie sahihi mbele ya jina langu, na kalamu ilipogoma akaisugua kati ya viganja vyake mpaka wino ukashuka. Mwenzangu alikuwa ameshatia sahihi kwenye mstari wa juu yangu.

Barua yangu ina aya tatu. Inasema kwamba nilikosa kazini siku mbili bila ruhusa, kwamba hilo ni kosa zito, na kwamba mkataba wangu umekatika siku hiyohiyo bila preavi, yaani taarifa ya mapema. Barua ya mwenzangu inataja siku zilezile mbili na maneno yaleyale, kosa zito. Tulikwenda pamoja kwenye ofisi ya Inspekta wa Kazi. Afisa aliyetupokea aliuliza kila mmoja ana karatasi gani. Mimi nilitoa mkataba wangu. Mwenzangu alitoa hati yake ya kuteuliwa na wizara, yenye namba ya matrikile, yaani namba yake ya utumishi. Afisa akafungua faili kwa jina langu, na karatasi za mwenzangu akamrudishia huku akisema, «Wewe papa, hii si ya kwetu.» Hatukupewa maelezo zaidi, na nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu.

Ninaomba kuelezwa jinsi kosa moja, siku moja na barua zinazofanana zinavyoweza kuwa na milango miwili. Pili, katibu wa sendika anatuambia tusubiri, kwa sababu ameingiza jambo letu katika orodha ya madai yatakayojadiliwa na uongozi, je, tusubiri? Tatu, ofisi ya wafanyakazi imeniita nikachukue hesabu yangu ya mwisho na kutia sahihi. Watoto wanadaiwa pesa ya shule, siwezi kusema kwamba pesa hiyo siihitaji.

Mzee wa Kamalondo

Mama Kasha, pole sana. Nilikuwa delege kwa mihula kadhaa kabla ya kustaafu, na swali lako la kwanza nimelisikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Afisa hakumwonea mwenzako. Sheria ya Kazi, yaani Sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaanza kwa kutaja wale isiyowahusu, na miongoni mwao wamo watumishi wa Leta wanaoongozwa na kanuni za utumishi wa umma, pamoja na mahakimu, wanajeshi na polisi. Inspekta ni mlinzi wa sheria hiyo na hana mamlaka nje yake. Wewe, kwa upande mwingine, una mkataba. Kwamba mwenye kampuni ni Leta hakubadilishi kitu: tangu mageuzi ya mwaka 2008 kampuni nyingi za umma ziligeuzwa kuwa kampuni za biashara, na mfanyakazi wake anasimama mbele ya tribinali (mahakama) ya kazi sawasawa na mfanyakazi wa duka la mtu binafsi. Watu wengi hapa mjini bado wanasema «nafanya kazi ya Leta» kwa hali zote mbili, na lugha hiyo ndiyo inayowapoteza.

Sasa faili lako. Mimi ningeliangalia pande tatu.

Upande wa kwanza ni sababu yenyewe. Kifungu cha 62 kinasema mwajiri hawezi kuvunja mkataba usio na kikomo cha muda bila sababu halali inayotokana na uwezo au mwenendo wa mfanyakazi, au mahitaji ya uendeshaji wa kazi. Kifungu hichohicho kinataja mambo yasiyoweza kamwe kuwa sababu halali, na kuwa mwanachama wa sendika au kuwa mwakilishi wa wafanyakazi ni miongoni mwake. Hilo si jambo la nyumbani tu. Nchi yetu, ilipokuwa bado Zaire, iliridhia mwaka 1987 Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, ambao unataka sababu halali na unataka mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kufukuzwa kwa ajili ya mwenendo wake. Umesema hakuna aliyekuuliza neno. Liandike hilo katika maelezo yako, tena mapema, kwa sababu aliyeitwa kutoa maelezo hubaki na barua ya wito, na wewe huna.

Upande wa pili ni hesabu ya siku, na hapa ndipo ningekaa muda mrefu zaidi. Kifungu cha 72 kinamtaka anayevunja mkataba kwa kosa zito aarifu uamuzi wake kwa maandishi ndani ya siku 15 za kazi tangu alipojua jambo lenyewe. Mkubwa wako alijua lini? Mgomo ulifanyika mbele ya lango lake na orodha ya mahudhurio ilibaki tupu asubuhi ileile. Kutoka hapo mpaka Alhamisi ya bahasha ni wiki tano. Ukihesabu Jumamosi kuwa siku ya kazi, hizo ni karibu siku 30. Ukiitoa, bado zinakaribia 25. Watajaribu kusema kwamba walikuwa wakichunguza, au kwamba ripoti iliwafikia kwa kuchelewa, na hapo waonyeshe barua ya kukusimamisha kwa ajili ya uchunguzi. Kama hukuwahi kuipokea, na ulirudi kazini Jumatano ukapokea pesa za wateja kwa wiki tano mfululizo, sioni uchunguzi huo ulifanyika wapi. Mtu ambaye kosa lake ni zito kiasi kwamba hawezi kuvumiliwa hata siku moja haachiwi kasha la pesa mkononi kwa wiki tano.

Upande wa tatu ni cheo chako. Wewe ni delege, na delege, awe kamili au msaidizi, hafukuzwi kabla Inspekta wa Kazi wa eneo hajakubali. Muulize Inspekta swali moja tu: je, aliombwa kibali? Kama jibu ni hapana, omba liandikwe.

Kuhusu haki zako ukishinda, kifungu cha 63 kinaanza na kurudishwa kazini. Isipowezekana, tribinali inakadiria fidia kwa kuangalia aina ya kazi, miaka uliyofanya, umri na haki ulizokwisha kupata, na fidia hiyo haiwezi kupita mishahara ya miezi 36. Preavi ni jambo jingine kabisa na halimezwi na fidia: ni siku 14 za kazi, na kuongezwa siku saba kwa kila mwaka mzima. Kwa miaka 11 yako ni siku 91 za kazi. Andika namba hiyo kwenye karatasi na kwenda nayo.

Njia yenyewe inaanzia pale ulipokwisha kufika. Kifungu cha 298 hakiruhusu tribinali kupokea shauri la mtu mmoja kabla halijapita kwa Inspekta kwa ajili ya upatanisho. Mkipatana, PV, yaani kumbukumbu rasmi ya kikao, inaandikwa. Msipopatana, PV ya kutopatana ndiyo ufunguo wa tribinali. Huko utakuta juji mmoja na wasaidizi wawili, mmoja kutoka upande wa waajiri na mwingine kutoka upande wa wafanyakazi.

Hesabu ya mwisho ichukue, mama, usiwaache watoto wafukuzwe shule kwa ajili ya kanuni. Lakini juu ya sahihi yako andika kwa mkono wako mwenyewe kwamba umepokea kiasi fulani na kwamba unahifadhi haki zako zote kuhusu kuvunjwa kwa mkataba. Wakikukatalia kuandika maneno hayo, ondoka ukaieleze ofisi ya Inspekta siku ileile. Katika mji huu tunajua uzito wa karatasi ya namna hiyo. Mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 waliondoka Gécamines, kampuni ya madini ya Leta, katika mpango ulioitwa wa hiari, na kwa miaka mingi baada ya hapo walibishana kama pesa waliyopewa ilikuwa hesabu ya mwisho au sehemu yake tu. Baadhi yao walikuwa majirani zangu, na ubishi huo niliusikia barazani kwangu mpaka nikaujua kwa moyo.

Kuhusu mwenzako nawaachia wenye elimu zaidi yangu.

Mtoto wa Kadutu, avoka

Mimi ni avoka, yaani wakili. Mzee amesema vizuri na sitarudia. Ninachotaka kuongeza kinamhusu mwenzako, na kwanza ninaomba, Mama Kasha, urudi kwake usome barua yake upya kutoka tarehe ya juu mpaka muhuri wa chini, kwa sababu nina shaka kama inasema kile mnachodhani inasema. Nani ameitia sahihi? Inataja mkataba? Nakala imepelekwa kwa nani?

Ninauliza hivyo kwa sababu hii. Mtumishi wa Leta anaongozwa na Sheria namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1981. Yeye hana mkataba wa kuvunjwa. Ana cheo alichopewa kwa hati ya uteuzi. Adhabu zake zinatajwa na sheria hiyo, kuanzia karipio, kukatwa theluthi ya mshahara, kuondolewa kazini kwa muda bila mshahara, mpaka kufutwa kabisa katika utumishi. Hiyo ya mwisho haitolewi na kila mkubwa anayekalia kiti. Mamlaka iliyokuteua ndiyo inayoweza kukufuta, na baada ya utaratibu wa nidhamu ambamo umejulishwa unachotuhumiwa na kujieleza. Zaidi ya sheria hiyo, kifungu cha 19 cha Katiba kinahakikisha haki ya kujitetea. Mkurugenzi wa kampuni alikoazimwa anaweza kusema hamhitaji tena mtu huyu na kumrudisha alikotoka. Kumfuta katika utumishi wa Leta hawezi, kama vile mtu aliyeazima ng'ombe asivyoweza kumchinja.

Ikiwa hata hivyo kuna uamuzi wa kweli wa kumfuta, njia yake ni hii, na saa yake inakwenda haraka kuliko yako. Kabla ya mahakama ni lazima apeleke malalamiko ya maandishi kwa mamlaka ileile iliyotoa uamuzi, akiomba iuondoe au kuubadilisha, na ana miezi mitatu tangu alipoarifiwa. Apeleke barua hiyo kwa mkono na kupata muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake. Mamlaka ikinyamaza miezi mitatu, ukimya wake unahesabiwa kuwa ni kukataa, na hapo muda wa kwenda mahakamani unafunguka, nao pia ni miezi mitatu. Uamuzi wa waziri unapelekwa Kinshasa, mbele ya Baraza la Leta, yaani Conseil d'État; uamuzi wa mamlaka ya jimbo unapelekwa mahakama ya rufaa ya kiutawala. Haya yote yako katika Sheria ya kimsingi namba 16/027 ya tarehe 15 Oktoba 2016, ambayo pia inaruhusu kuomba kwa haraka uamuzi usimamishwe wakati shauri likisubiri. Kwa mtu wa Lubumbashi safari ya Kinshasa ni ndege, na ndege ni mishahara kadhaa ya mtumishi wa kawaida. Sheria haisemi lolote kuhusu hilo.

Kuna mfano ambao ninawapa vijana wanaofanya mazoezi ofisini kwangu. Tarehe 6 Novemba 1998, kwa amri ya rais namba 144, mahakimu na waendesha mashitaka 315 walifutwa kazi kwa mkupuo mmoja. Amri iliwaita wala rushwa, watoro, watu wasiofaa, lakini hakuna aliyepelekwa mbele ya Baraza Kuu la Mahakimu kusikilizwa. Walikuwa na sendika yao, na baadhi ya viongozi wake walikamatwa walipopinga. Watu 68 kati yao walifikisha jambo Geneva, kwenye Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na tarehe 31 Julai 2003 Kamati ilisema kwamba haki yao ya kushika kazi ya umma kwa usawa ilivunjwa, kwamba walistahili kurudishwa na kulipwa fidia inayolingana na mishahara waliyoikosa. Kamati si mahakama na haina askari wa kutekeleza maneno yake. Lakini angalia hoja iliyobeba uzito: Kamati haikuingia katika swali la nani alikula rushwa na nani hakula. Iliangalia utaratibu, ikakuta haupo. Ndiyo maana namwambia mwenzako asianze na kusema mgomo ulikuwa wa haki. Aanze na kuuliza nani alimsikiliza, lini, na kwa karatasi gani.

Kijana wa Kampemba

Wazee wangu, samahani, mnampa dada matumaini upande mmoja tu. Mimi nitasema lisilopendeza.

Katiba inatambua mgomo katika kifungu cha 39, hilo kila mtu analijua na linaimbwa kwenye kila lango. Lakini Sheria ya Kazi inasema kusimamisha kazi kwa pamoja kunaruhusiwa pale tu penye mgogoro wa pamoja, na baada ya njia za upatanisho na usuluhishi kumalizika. Avoka wa kampuni hatasema «alikuwa katika sendika». Atasema «mgomo wao ulikuwa kinyume cha sheria, kwa hiyo waliokaa nje ya lango walikuwa watoro wa kawaida». Mama Kasha, je, unayo nakala ya barua ya sendika kwa uongozi kabla ya mgomo? Kuna PV ya mazungumzo yaliyoshindikana? Usiniambie katibu anazo. Nauliza kama wewe unazo, nyumbani kwako, katika sanduku lako.

Na kuhusu kusubiri: mimi nilifukuzwa mwaka 2014 katika ofisi moja ya umma, nikiwa na mkataba kama wewe. Sendika yangu iliniambia nisiwaudhi wakubwa wakati mazungumzo yanaendelea, maana jina langu liko kwenye orodha ya madai, namba saba. Nililiona kwa macho yangu, lilipigwa chapa vizuri. Mazungumzo yalifanyika, yakaahirishwa, uongozi ukabadilika, katibu akapata kazi kwingine, orodha mpya ikaandikwa na namba saba ikawa ni pampu ya maji ya kantini. Nilipofika tribinalini mwaka 2018 juji hakusoma hata ukurasa wa pili. Kifungu cha 317: mashauri yanayotokana na mkataba wa kazi yanakufa baada ya miaka mitatu, na ya kudai mshahara baada ya mwaka mmoja. Sina kinyongo na sendika, nimerudi kulipa mchango kwa kazi niliyo nayo sasa. Lakini orodha ya madai ya pamoja haisimamishi saa ya shauri la mtu mmoja.

Mzee wa Kamalondo

Kijana ana haki, na hilo la barua ya mgomo ningepaswa kulisema mimi. Naongeza tu kwamba hata mgomo ukiwa na kasoro, kasoro hiyo haifuti siku 15 wala kibali cha Inspekta. Ni mambo yanayosimama kila moja kwa miguu yake. Sendika inaweza kumsindikiza mwanachama mbele ya Inspekta, na hata kumwakilisha tribinalini ikiwa amewapa hati ya uwakilishi. Kinachoitwa «tumelibeba jambo lako» bila karatasi yenye sahihi yako si uwakilishi.

Mama Kasha, Katuba (Lubumbashi)

Ninawashukuru nyote, na wewe Kijana nakushukuru zaidi ingawa ulinikosesha usingizi. Jana jioni nilikwenda kwa katibu na sikuondoka mpaka aliponipa nakala. Barua ya sendika ipo, ina muhuri wa sekretarieti ya uongozi wenye tarehe ya siku 20 kabla ya mgomo. PV ya mkutano ulioshindikana ipo pia, ila upande wa uongozi haikutiwa sahihi. Wameandika tu kwamba mjumbe wao aliondoka kabla ya mwisho. Kibali cha Inspekta hakikuombwa. Afisa yuleyule aliangalia rejesta yake mbele yangu, kidole chake kikishuka mstari kwa mstari, akasema hakuna.

Sasa mwenzangu. Avoka, ulikuwa na haki ya kutilia shaka. Tulisoma barua yake mara tatu chini ya taa ya simu, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika. Neno kosa zito lipo katika aya ya kwanza, na sote wawili tuliposhtuka siku ile hatukusoma zaidi ya hapo. Aya ya pili inasema kwamba kampuni «inamweka mikononi mwa utawala wake wa asili», na chini kuna nakala kwa ofisi ya jimbo ya wizara yake. Haisemi popote kwamba amefutwa. Na kuna jambo jingine ambalo hakuniambia kwa aibu: mshahara wake wa Leta wa mwezi huu umeingia benki kama kawaida. Alidhani ni kosa la benki na hakuugusa, akiogopa kwamba watamdai.

Tangu siku ya bahasha yuko nyumbani. Wiki tatu na siku kadhaa.

Mtoto wa Kadutu, avoka

Basi mwenzako hajafukuzwa. Amerudishwa kwao na hakuripoti, na hiyo ni hatari kubwa kuliko barua yenyewe. Mtumishi anayekaa nyumbani bila sababu iliyoandikwa anaweza kuhesabiwa kuwa ameiacha kazi mwenyewe, na hapo watakuwa na sababu ambayo leo hawana. Kesho asubuhi, si keshokutwa, aende kwenye ofisi ya jimbo ya wizara yake na barua yenye mambo matatu tu: kwamba tarehe fulani alipewa barua ya kurudishwa, kwamba anajiweka tayari kupangiwa kazi, na kwamba anakanusha kosa analotuhumiwa na anaomba kusikilizwa ikiwa hatua ya nidhamu itafunguliwa. Aeleze kuchelewa kwake kwa ukweli, kwamba alidhani amefukuzwa na kwamba alikwenda kwa Inspekta wa Kazi, na amtaje afisa aliyempokea kama shahidi. Apate muhuri kwenye nakala. Wakikataa kupiga muhuri, aitume kwa posta kwa barua ya rejesta na kuhifadhi risiti.

Mshahara ni wake. Autumie.

Posho za miezi minne alizokuwa akidai kampuni ni suala jingine; aziandike kando, zisichanganywe na barua hii.

Mama Kasha, Katuba (Lubumbashi)

Amekwenda leo. Walimpokea, wakampigia muhuri, na mkubwa wa ofisi akamuuliza kwa nini alichelewa, kwa kuwa nakala ya barua ya kampuni ilikuwa mezani kwake wiki mbili zilizopita na alikuwa anamsubiri. Bado hajapangiwa meza, lakini jina lake limeandikwa kwenye mahudhurio ya leo. Ameniambia nisiandike zaidi ya hapo.

Mimi nina kikao cha upatanisho Jumatatu saa tatu. Nimebaki na swali moja. Mlinzi wa lango, bila mimi kumwomba, amenitumia picha ya ukurasa wa daftari lake. Unaonyesha sahihi yangu na tarehe ya kupokea bahasha, na ukurasa wa kabla yake unaonyesha jina langu nikiingia kazini Jumatano ile baada ya mgomo na siku zilizofuata. Barua yenyewe imeandikwa tarehe ya nyuma, siku 12 kabla ya Alhamisi niliyoipokea, kwa hiyo naona picha hii ni dhahabu. Je, niitoe Jumatatu?

Mtoto wa Kadutu, avoka

Hapana, usiitoe wewe. Ukiiweka mezani, swali la kwanza la upande wa pili litakuwa nani alipiga picha, na lango lile lina walinzi wangapi? Mtu huyo atapata bahasha yake kabla ya shauri lako kupata namba. Sema tu mbele ya Inspekta kwamba ulipokea barua Alhamisi, tarehe fulani, kwa kutia sahihi katika daftari la lango, na umwombe aiagize kampuni ilete daftari hilo. Ana mamlaka ya kudai vitabu na rejesta. Wakilileta, umepata unachotaka. Wakikataa, kukataa kwao kuandikwe katika PV, na juji atajua la kufanya nako. Picha ibaki kwako, kwa siku ambayo daftari litaletwa likiwa na ukurasa uliochanwa.

Mama Kasha, Katuba (Lubumbashi)

Nimeelewa, avoka. Nimeihamishia kwenye simu ya mama yangu na kuifuta kwenye yangu. Jumatatu nitadai daftari lenyewe.